Mkono wa Baba na kichwa cha kifaru

Najua nimekuwa kimya hapa kwa muda, na wale waliozoea kusoma habari za hifadhidata na seva zilizogoma huenda leo wakashangaa. Leo naandika juu ya kifaru. Si yule mnyama wa Tsavo, bali kile cha vita, tena cha plastiki, cha kuchezea, kinachoendeshwa kwa rimoti. Nimehangaika nacho kwa miezi mingi, hasa na ile sehemu ya juu inayozunguka ikiwa imebeba mzinga. Mafundi wa vifaru huiita tareti. Mimi nitaiita kichwa tu, maana ndivyo tunavyoiita nyumbani.

Nitaeleza mambo ya ufundi, kwa hivyo kama unapenda kufungua vitu kwa bisibisi utapata cha kuchukua. Lakini siwezi kueleza ufundi bila kumtaja Baba, kwa sababu makosa yangu yote katika kazi hii yalionekana kwake kwanza.

Baba alikuwa mwendesha kreni katika bandari ya Kilindini. Alipanda zile kreni zinazozunguka tangu mimi niko shule ya msingi mpaka alipostaafu. Machi 2023 alipatwa na kiharusi. Tunashukuru alipona, anatembea kwa mkongojo na maneno yake yamerudi, lakini daktari alituambia kwamba kiharusi kiligusa sehemu ya nyuma ya ubongo, ile inayopanga mwendo wa viungo. Mkono wa kulia haukupooza. Ukiwa umetulia huwezi kujua una shida. Shida huja anapotaka kushika kitu: kadiri unavyokaribia kikombe ndivyo unavyozidi kutetemeka, na chai humwagika. Baba akaamua kuuacha. Akawa anakula kwa kushoto, anajifunga vifungo kwa kushoto, na wa kulia ameulaza mapajani kama kitu alichoazimwa.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akatuambia mkono usiotumika husahau. Akampa mazoezi: kuhamisha vifuniko vya chupa kutoka bakuli moja hadi jingine, mara ishirini, asubuhi na jioni. Baba alifanya siku mbili. Siku ya tatu alisema, "Mimi nimehamisha makontena. Sasa nihamishe vifuniko?"

Kifaru kiliingia nyumbani kwa bahati. Dada yangu alimnunulia mwanawe, mpwa wangu wa miaka tisa, kama zawadi ya kufunga shule Novemba 2023. Ni modeli ya Sherman, kifaru cha Marekani cha Vita Vikuu vya Pili, kwa kipimo cha moja kwa kumi na sita. Kinatembea kwa minyororo, kinatoa moshi, kinanguruma, na kinapiga vidonge vya plastiki vya milimita 6. Mpwa wangu alipanga makopo ya maziwa ukutani akaanza kuyalenga, na kila mara alikosa. Baba alikuwa ameketi barazani. Baada ya nusu saa akasema, "Hebu nilete hiyo rimoti." Akaipokea kwa mkono wa kulia! Mama na mimi tulitazamana, hakuna aliyesema neno.

Naye akakosa kila kopo. Alijaribu mpaka betri ikaisha. Akasema kifaru hiki kina kichwa kibaya.

Ubaya wa kichwa

Usiku nilikipima, na Baba alikuwa amesema kweli. Kijiti cha rimoti kilionekana kama cha kusukuma kidogo au sana, lakini ndani kilikuwa swichi tu: ama kichwa kinazunguka kwa kasi yake yote, ama kimesimama. Hakuna katikati. Mzunguko mzima ulichukua sekunde 8, yaani nyuzi 45 kwa kila sekunde. Nilipokigusa kijiti kwa mguso mfupi kabisa niliouweza, kichwa kiliruka nyuzi 6 hivi. Sasa piga hesabu. Kopo lilikuwa umbali wa mita 3, na kwa umbali huo nyuzi 6 ni karibu sentimita 31 ukutani. Kopo lenyewe lina upana wa sentimita 10. Maana yake, ukilikosa kwa kushoto na kusahihisha, unalikosa kwa kulia. Aliyepiga kopo alipiga kwa bahati.

Sherman wa kweli hakuwa hivyo. Kichwa chake kilizungushwa kwa nguvu ya mafuta yaliyosukumwa na pampu, na mzunguko mzima ulichukua takriban sekunde 15, yaani nyuzi 24 kwa sekunde. Mlenga shabaha alikuwa na mpini: akiupinda kidogo kichwa kinakwenda polepole, akiupinda sana kinakwenda kasi. Na pembeni kulikuwa na gurudumu la mkono la kumalizia ile sehemu ndogo ya mwisho. Waliokiunda walijua kwamba kwenda na kufika ni kazi mbili. Aliyeunda cha kuchezea alikumbuka kwenda tu.

Basi nikajiambia, kazi rahisi hii. Mimi ni mwandishi wa programu, nitatengeneza kwa wikiendi moja. (Mnaonifahamu mnajua wikiendi zangu.)

Nilinunua vipuri barabara ya Luthuli, Nairobi: Arduino Nano mbili, redio mbili ndogo za nRF24L01, kijiti cha aina ya zile za michezo ya kompyuta, na chipu ya kuendesha mota. Neno kuhusu chipu hiyo kwa wenye kutaka kujaribu: ile maarufu ya L298N hula karibu volti 2 njiani kabla ya umeme kufika kwenye mota. Kwenye betri ya volti 7.2 hiyo ni hasara kubwa. Chipu mpya zaidi kama DRV8833 hupoteza kidogo sana na haipati joto la kuunguza kidole.

Mpango ulikuwa huu. Mwili wa kifaru ubaki na rimoti yake ya zamani, mpwa wangu aendeshe. Kichwa nikikate kutoka kwenye bodi ya kiwandani, nikipe akili yake na rimoti yake, Baba alenge. Kijiti kipya hutoa namba kuanzia 0 hadi 1023, na katikati ni 512 hivi. Kadiri unavyokisukuma, Arduino huwasha na kuzima umeme wa mota haraka haraka kwa uwiano unaolingana: ukisukuma nusu, umeme huwaka nusu ya muda. Hapo kasi inakuwa ya kupimwa, si ya ndiyo au hapana.

Kwa mkono wangu kilifanya kazi vizuri sana. Nilipiga makopo manne kati ya matano nikajiona bingwa. Nikampa Baba.

Chujio

Mkono wa Baba ulipokishika kijiti, kichwa kilianza kutikisika kama kuku anayetafuta mahindi. Gia zikalia. Mpwa wangu akacheka, kisha akaona uso wa babu yake akanyamaza.

Nilirekodi namba za kijiti kwenye kompyuta. Mtetemeko ulionekana wazi kwenye mchoro: mawimbi manne hivi kwa sekunde, kila wimbi likipanda na kushuka karibu namba 60 kutoka pale alipotaka kijiti kikae. Kwa mtu wa kazi yangu, mchoro kama huo una jina moja: kelele. Na kelele tunaijua dawa yake. Unaweka chujio.

Chujio langu lilikuwa mstari mmoja tu wa programu. Mara 50 kwa sekunde, badala ya kuichukua namba mpya ya kijiti kama ilivyo, nilichukua ile ya zamani na kuisogeza kuelekea mpya kwa asilimia 5. Hesabu yake ni nzuri: mtetemeko wa mawimbi manne kwa sekunde unabaki moja ya kumi. Nilijaribu nikitetemesha mkono kwa makusudi, na kichwa kilitulia tuli. Nikalala nikiwa na furaha.

Asubuhi Baba alijaribu. Akasukuma kijiti. Kichwa kimya. Akasukuma zaidi, kikaanza kuzunguka. Akakiachia, kichwa kikaendelea na safari yake kikapita kopo. Akarudisha. Kimya tena. Kisha kikaruka upande wa pili. Alikuwa akikifukuza huku na huku, na kila akikifukuza mkono ulizidi kutetemeka.

"Hiki chachelewa," alisema. "Mimi nageuza leo, chenyewe chaja kesho."

Nilimweleza kwamba ni lazima kichelewe kidogo ili kisitikisike, na kwamba atazoea. Alinitazama. Hakujibu.

Kama ningekuwa mtu mwenye busara ningesimama hapo nikasikiliza. Badala yake nilifanya kile ambacho watu wa kazi yetu hufanya mtumiaji anapolalamika: niliongeza programu juu ya programu. Niliweka taa ndogo ya infraredi, ile mwanga usioonekana kwa macho, juu ya kila kopo. Ndani ya mzinga nikaweka kihisi cha kuuona mwanga huo. Mzinga ukielekea kopo, kichwa kinapunguza mwendo chenyewe na kunasa hapo. Michezo mingi ya kompyuta hufanya hivyo ili mchezaji ajione hodari. Na sikumwambia Baba.

Siku hiyo alipiga makopo matatu mfululizo. Mpwa wangu akaruka kwa shangwe. Mama akatoka jikoni. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikitabasamu.

Baba akauliza, "Nani amepiga lile la mwisho?"

"Wewe, Baba."

"Mimi sikusimama pale," akasema. "Nilikuwa bado naenda."

Akaiweka rimoti juu ya kigoda, taratibu, kwa mkono wa kushoto. Akaomba redio yake. Siku nne hakuigusa rimoti, na mkono wa kulia ulirudi mapajani.

Nzito si sawa na ya kuchelewa

Siku ya nne, baada ya magharibi, nilikwenda kukaa naye barazani. Nilimwomba radhi kwa kumdanganya. Akasema si neno. Tukakaa. Kisha, kwa kuwa sikuwa na la kusema, nikamuuliza kitu ambacho katika miaka yote sikuwahi kumuuliza: kreni nzito kama ile, yenye mzigo unaoning'inia kwenye kamba, unaisimamishaje mahali unapotaka?

Alizungumza mpaka chakula kikapoa.

Alisema mwanafunzi wa kreni huachia mpini anapofika juu ya lori. Amechelewa tayari, kreni inasimama lakini mzigo unaendelea, unabembea, na wanaume walio chini wanakimbia. Mtu aliyeiva huanza kuachia kabla ya kufika. Na mzigo ukibembea kwenda mbele, haupigani nao, waufuata kidogo kwa kreni mpaka ndoana iwe juu yake, hapo wasimama, nao unatulia.

Nikamuuliza, sasa hiyo si ndiyo kuchelewa niliyoiweka kwenye kifaru?

"Hata," akasema. "Kreni ni nzito, haichelewi. Ukigusa mpini waisikia papo hapo kitini, imeanza. Imeanza kidogo, lakini imeanza. Chako wewe hakianzi. Mtu hujifunza uzito. Kuchelewa utajifunzaje, na hujui kimekusikia au hakikukusikia?"

Kisha akasema jambo ambalo lilinitoa usingizi. Alisema mkono wake ulitetemeka hata zamani, usiku wa zamu ya pili mfululizo, na hakuna aliyejua. "Mzigo haujui. Mkono ukienda huku kidogo na huku kidogo, tani kumi hazina habari."

Niliingia ndani nikawasha kompyuta. Nilipiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga mwanzo.

Kijiti hakisemi kichwa kiwe wapi, kinasema kiende kwa kasi gani. Mkono unaotetemeka husukuma kidogo kulia kisha kidogo kushoto, mara nne kwa sekunde. Ukijumlisha mwendo wa kulia na wa kushoto, unakaribia sufuri. Yaani kichwa chenyewe, kwa kazi yake ya kuzunguka, tayari ni chujio. Tani kumi hazina habari, na gramu mia chache nazo hazikuwa na haja ya habari kama ningeziacha. Chujio langu halikuondoa tatizo. Liliongeza tatizo.

Kuchelewa nako nilikuona kwa namba. Mota hii haianzi kuzunguka mpaka ipate asilimia 35 ya umeme, kwa sababu ya msuguano wa gia zilizosimama. Baba aliposukuma kijiti nusu, namba iliyochujwa ilipanda pole pole, ikachukua karibu nusu sekunde kufika asilimia 35. Nusu sekunde ya kimya kabisa! Alipoachia, ilishuka pole pole vilevile, na kwa kuwa gia zikishaanza huendelea hata kwa asilimia 20, kichwa kilizidi kwenda kwa zaidi ya theluthi ya sekunde. Baba alisema chaja kesho. Hakuwa akitania.

Nilichofanya upya

Nilifuta chujio. Nilifuta kunasa kwa infraredi, nikang'oa na taa zenyewe kwenye makopo mbele yake ili aone. Kisha nikaandika programu upya kwa mambo manne.

La kwanza, mkunjo wa kijiti. Kijiti kikiwa karibu na katikati, mwendo uwe mdogo sana, na uongezeke kwa kasi kuelekea mwisho. Nilichukua asilimia 30 ya namba ya kijiti kama ilivyo, na asilimia 70 ya namba hiyo ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu. Kwa hiyo kusukuma nusu hutoa chini ya robo ya kasi. Ule mtetemeko wa namba 60, ambao ni kama asilimia 12 ya njia ya kijiti, hutoa chini ya asilimia 4 ya kasi kikiwa katikati. Kasi ya juu nikaifanya nyuzi 24 kwa sekunde, kama Sherman wa kweli. Kwa mita 3, hata mota ikiufuata kila mtetemeko, mzinga ungeyumba chini ya milimita 2 ukutani. Ndiyo hayo hayo ya tani kumi.

La pili, uzito bila kuchelewa. Kasi hupanda kwa mstari ulionyooka, kutoka kusimama hadi mwisho kwa sehemu tatu za kumi za sekunde, na hushuka kwa nusu ya muda huo. Inaanza pale pale kijiti kinapoguswa, na inashuka kwa kipimo kile kile kila siku. Mtu anaweza kuijifunza.

La tatu, kihisi cha mzunguko. Niliweka ndani ya kichwa kile kipande kidogo cha MPU-6050 ambacho hupima kitu kinazunguka kwa nyuzi ngapi kila sekunde. Arduino hukisoma mara 200 kwa sekunde na kulinganisha na kile Baba alichoomba. Kichwa kikikwama kwenye msuguano, umeme unaongezwa mara moja mpaka kisogee, kisha unapunguzwa. Hapa kuna zawadi ambayo sikuitafuta: kihisi kiko kichwani, hakijali mwili. Baba asipogusa kijiti, ameomba sufuri. Mpwa wangu akipiga kona, kihisi huona kichwa kimeanza kuzunguka na mwili, na Arduino hukirudisha upande wa pili. Mzinga unabaki ukitazama pale pale. Nilimuuliza Baba kama huo nao ni udanganyifu. Alifikiri. Akasema hapana, hata kreni ilikuwa na breki ya kuzuia upepo usiigeuze. Breki haimchagulii mtu mahali pa kusimama.

La nne ni lake mwenyewe. Alisema kijiti cha kidole gumba ni cha watoto. Kreni alikuwa akiishika kwa kiganja kizima. Nikakata sentimita 15 za mti wa ufagio, nikautoboa, nikaufunga juu ya kijiti, na sanduku la rimoti nikaliwekea uzito wa mchanga ili lisisogee mezani. Sasa mkono mzima unalala juu ya mpini, na kiwiko kimeegemea meza. Kwa njia ndefu zaidi ya kusukuma, mtetemeko ule ule unakuwa sehemu ndogo zaidi ya safari. Hapa hakuna hata mstari mmoja wa programu, na sijui kama si ndilo lililosaidia zaidi kuliko yote.

Siku ya makopo

Jumamosi moja Februari 2024 tulipanga makopo kumi ukutani. Mpwa wangu akakaa na rimoti yake, Baba na yake. Sherman wa kweli alikuwa na watu watano ndani, na dereva hakuwa mlenga shabaha. Nyumbani kwetu walikuwa wawili, na dereva wetu alikuwa mkali wa kona.

Baba alizungusha kichwa kulia. Kilikuwa kikitikisika kidogo, ukikaa karibu uliweza kuona. Kabla mzinga haujafika kopo la kwanza, nilimwona akianza kuachia. Kichwa kikaenda chenyewe kipande kilichobaki, kikasimama. Alikosa, chini ya kopo kwa upana wa kidole. Akasema, "Aa, ni mimi." Sikuwahi kumwona mtu akikosa kwa furaha kama ile.

Alipiga manne katika kumi. Ilikuwa moja zaidi ya siku ile ya uongo, nyongeza ndogo kwa kazi ya miezi, lakini hakuuliza nani amepiga.

Nisikudanganye wewe nawe. Mkono haujapona. Chai bado hunywea kikombe chenye mfuniko, na vifungo vya shati bado ni kazi ya kushoto. Mtaalamu wa viungo alisema tu kwamba umeongezeka nguvu na anafurahi unatumika. Lakini hauko mapajani tena. Asubuhi huukuta juu ya meza, karibu na mti wa ufagio.

Mimi nilirudi Nairobi kazini. Mwezi Aprili akanipigia simu: kichwa kinazunguka kushoto chenyewe, polepole, hata asipogusa kitu. Nilijua sababu mara moja. Kile kihisi lazima kikae kimya sekunde 2 za kwanza baada ya kuwashwa ili kijue sufuri iko wapi. Mtu akikitikisa wakati huo, kinajifunza sufuri ya uongo na kichwa kinatembea siku nzima. Nilimwambia asijali, nitashuka wikiendi nibadilishe programu, niweke taa nyekundu ya kuonya, na isubiri mpaka itulie kweli.

Jumatano akapiga tena. Nilidhani anataka kujua nitafika na gari moshi la saa ngapi.

"Usije kwa hilo," akasema. "Ni mjukuu wangu, huwasha akiwa amekibeba. Nimemwambia akiweke chini kwanza, ahesabu mpaka tano, ndipo akiguse. Kimetulia. Wewe njoo kula tu."

Ile taa nyekundu nimeiandika kwenye orodha ya mambo ya kufanya. Sijaiweka mpaka leo.